Mkutano wa Kidirishani

Siku tuliyokwenda kuitetea stesheni yetu, sote tulikwenda kwa magari.

Rosi Kleinschmidt alikuwa amebandika matangazo mji mzima, kwenye kioo cha bucha, kwenye mlango wa kanisa, hata kwenye mti wa mbele ya benki, akiwaomba watu wa Altenbrück waje Jumamosi asubuhi waokoe ukumbi wa kusubiria treni. Watu wakaja, tena kwa wingi. Kila mmoja akaja na gari lake, wakiwemo wale wa mtaa wa pili wanaoisikia treni ikipita wakiwa kitandani. Uwanja wa mbele ukajaa pomoni. Watu wakaegesha kwenye njia ya baiskeli, wakaegesha mahali pa teksi, mwingine akapanda na gari juu ya tuta la maua la mji. Murat Aydın, dereva wa teksi, alikosa pa kuiweka teksi yake, akaiacha sokoni na kurudi kwa miguu. Huyo ndiye mtu pekee aliyekuja na miguu yake siku ile, naye ni dereva.

Kampuni iliyolinunua jengo ilikuwa imemtuma Bwana Sander, kijana mtanashati mwenye viatu visivyojua tope. Hakubishana na mtu. Alisimama kwenye ngazi za mlangoni, akatoa simu yake, akaipiga picha ile bahari ya magari kutoka kulia hadi kushoto.

"Ahsanteni sana," akasema. "Nilikuwa natafuta namna ya kueleza kwamba watu wa hapa hawamhitaji mtu wa kuwawekea ukumbi wa kusubiria treni. Mmenirahisishia kazi."

Jumatatu picha ikatoka gazetini. Jumanne hakuna mtu aliyekumbuka kwamba alikuwepo.

*

Mpango wa kampuni ulikuwa mwepesi kuelezeka. Mwisho wa mwezi wa Novemba ukumbi ungefungwa kwa kufuli. Abiria wangewekewa kibanda cha chuma jukwaani, kisicho na ukuta mmoja, na mashine ya kahawa ya kubonyeza. Mgahawa wa Rosi, ulioko ndani ya ukumbi ule ule, ungekwisha, na nyumba ya juu ya mgahawa, ambamo Rosi na mumewe Egon wameishi tangu Egon alipokuwa dereva wa treni, ingegeuzwa ofisi. Humo ndani treni ya kwanza ikipita vikombe hutikisika kabatini. Wageni hushtuka vikitikisika; wenyewe hushtuka siku visipotikisika.

"Hata mimi ningewafungia," Egon alisema, akimenya viazi vya supu. "Watu wanakuja kuipigania treni na magari? Wangekuja na meli basi, tujue moja."

"Wewe ulikuja na nini?" Rosi akamuuliza.

"Mimi nilishuka ngazi, mama Wiebke. Nakaa hapa."

"Unakaa hapa mpaka mwisho wa mwezi. Menya viazi."

Rosi ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mabehewa ya mizigo. Hakuwa amelia tangu barua ya kampuni ilipokuja. Alikuwa amesugua sakafu tu, mara nyingi mno, hata Bi Ilse Hagedorn akalalamika kwamba ataanguka. Bi Ilse ana umri wa miaka themanini na zaidi, mkunga mstaafu. Kila siku huvaa kizibao chake cha buluu cha misheni ya stesheni, akasaidia vipofu kubadili treni, akawapa chai waliokwama, akawashika mikono watoto wanaosafiri peke yao kati ya baba wa huku na mama wa kule.

"Rosi, wacha hilo dekio," alisema. "Nimewazalisha nusu ya wajinga waliokuja Jumamosi. Ningejua, ningewarudisha."

Kwenye ukuta unaotazama reli kuna kidirisha cha zamani cha kuuzia kahawa. Rosi alikifungua, akapitisha kikombe nje. Mkono wenye glovu ukakipokea.

"Ahsante, shemeji."

"Baridi hiyo, Lothar. Ingia ndani."

"Sijambo hapa."

Rosi akafunga. Egon hakuinua macho kutoka kwenye viazi vyake. Kaka yake wa tumbo moja alikuwa amekaa kwenye benchi upande wa pili wa ukuta, hatua chache kutoka alipo, na hawajasemezana kwa miaka kumi na minane.

Kisa ni sanduku la kioo. Lipo katikati ya ukumbi, kubwa kama kitanda cha watu wawili, na ndani yake mna Altenbrück nzima, na mto wake, na kanisa, na reli. Ukitumbukiza sarafu, treni huzunguka, taa huwaka, na mwanamke mdogo kuliko punje ya mchele hupunga leso jukwaani. Sarafu huenda kwenye chai ya Bi Ilse. Ndugu wale wawili walilijenga pamoja kila jioni ya majira ya baridi, bila hata neno baya, mpaka ilipofika zamu ya paa la stesheni. Lothar akasema stesheni ina mnara wenye saa. Egon akasema haina, toka nje utazame. Na wote wawili walikuwa sahihi: mnara ulikuwepo tangu enzi za mfalme, mabomu ya mwisho wa vita yakauangusha, na jengo likaezekwa paa bapa lililopo hadi leo. Lothar alizaliwa kabla ya vita. Egon alizaliwa baada yake. Wakarushiana maneno, kisha gundi, kisha kondoo wadogo wa plastiki. Lothar akaapa mbele ya watu kwamba hataupita mlango wa ukumbi ule mpaka mnara urudi mahali pake. Tangu siku hiyo hukaa nje akitazama treni, mvua inyeshe, theluji ianguke. Na katika sanduku la kioo, juu ya paa la stesheni ndogo, pamebaki tundu la mraba lililofunikwa na karatasi ya kijivu.

Sisi wengine tulishazoea. Tulidhani ni sehemu ya stesheni, kama saa na njiwa.

*

Meya wa mji, Bi Annegret Thies, alikuja Jumatano kula supu ya njegere. Alikula yote kwanza, maana ni mwanasiasa, ndipo akasema.

"Mji ulipoliachia jengo hili, uliwekewa haki moja. Tunaweza kuupanga ukumbi na nyumba ya juu kabla ya mtu mwingine. Haki hiyo inakwisha mwezi huu, na baraza linakaa kikao chake cha mwisho kesho saa kumi na moja."

Rosi akaweka mwiko chini. "Na miezi yote hii ulikuwa wapi na haki hiyo?"

"Nilikuwa nayo, sikuwa na wa kumpa. Baraza haliwezi kumkodishia Rosi. Likimkodishia Rosi, kesho kila mwenye duka atataka lake. Lakini linaweza kukikodishia chama."

"Chama gani?"

"Chama chochote, mradi kiwe chama. Kina katiba, kina mwenyekiti, kina mweka hazina, na kimeanzishwa na watu saba. Sita hawatoshi. Nikishuhudia mkutano kabla ya kikao, nitaingia barazani nikiwa na cha kusema."

Egon akacheka puani. "Nchi hii hata wafuga sungura wana chama."

"Wana viwili," meya akasema. "Waligombana."

Jioni ile Rosi alivaa koti akazunguka mji. Nataka mjue kwamba watu wetu si wabaya. Ni watu wa vyama tu. Mwenye bucha alimkaribisha vizuri, akamkatia kipande cha soseji kama anavyowakatia watoto, akamwambia, "Rosi, niko kwenye kwaya, zimamoto, wapiga shabaha, karnivali na wazazi wa shule. Mke wangu amesema nikiingia cha sita, nihamie hukohuko." Mwalimu mkuu alisema wazo ni zuri sana, akalirudia mara tatu kwamba ni zuri, akafunga mlango. Mwanamke mmoja ambaye gari lake lilionekana mbele kabisa kwenye picha ya gazeti alizima taa ya sebuleni Rosi akiwa bado anabonyeza kengele. Rosi akasimama pale mlangoni, kengele ikalia ndani ya nyumba yenye giza, naye akajiambia kwa sauti, ili aliye ndani asikie, "Ah, masikini, wamehama."

Walipatikana yeye na Egon, Bi Ilse, Murat wa teksi, Gudrun muuza maua, na Detlef, ambaye hunywa bia yake ya kwanza mgahawani kabla ya mchana na kwa hiyo alikuwa na maslahi. Hao ni sita. Wa saba akapatikana kwa simu: Wiebke, binti yao, muuguzi huko Hanover.

"Mama, nitapanda treni ya mchana. Nitafika saa nzima kabla."

"Njoo na gari."

"Mama!"

"Sawa, sawa. Njoo na treni."

*

Alhamisi upepo uliamka na hasira. Kufikia mchana ulikuwa umeng'oa bango la sarakasi na kulivisha sanamu ya shujaa wa mji. Kwenye ukumbi, Rosi alipanga viti, akatoa keki ya plamu, akaweka mbele ya meya glasi ya maji kama wanavyofanya kwenye televisheni. Bwana Sander naye alikuja, akiwa na begi la safari, akaketi nyuma.

"Mkutano ni wa wazi, nadhani," alisema. "Nitashuhudia, kisha nitapanda treni yangu."

Kipaza sauti kikakohoa. Treni kutoka Hanover imechelewa kidogo. Baadaye kikakohoa tena: mti umeangukia reli, treni imesimama porini, muda wa kufika haujulikani.

Halafu Detlef akasema kile ambacho kila mtu alikifikiria. "Kwa hiyo tunataka kuiokoa stesheni, na treni yenyewe haitaki."

"Nyamaza, Detlef. Kula keki."

Rosi akampigia Wiebke simu. "Uko wapi?"

"Naona ng'ombe, mama. Wananitazama."

Meya akatazama saa ya ukutani. Bwana Sander naye akaitazama, kwa upole, kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani. "Nahesabu sita," alisema. "Sidhani sheria inahesabu ng'ombe."

Murat akajitolea kwenda kumkamata mtu yeyote barabarani, lakini barabarani hapakuwa na mtu; kwa upepo ule mji wote ulikuwa ndani, umefunga madirisha. Basi macho yote, bila kupangana, yakaelekea kwenye kile kidirisha. Kwenye kioo kilichojaa matone kilionekana kisogo cha kofia ya sufu.

"Hapana," Egon akasema.

"Sijasema kitu," Rosi akasema.

"Umeshasema. Nakujua. Siendi kumbembeleza mtu anayekaa kwenye mvua kwa ajili ya kipande cha mbao."

Rosi alikwenda akakifungua kidirisha, upepo ukaingia na kupeperusha vitambaa vya meza.

"Shemeji, nina shida. Namtaka mtu wa saba."

"Nimesikia," Lothar alisema bila kugeuka. "Mnapiga kelele."

"Ingia basi."

"Nitaingia mnara ukirudi."

Egon akainuka. Kwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na minane alimsemesha kaka yake, na alimsemesha kwa kufoka. "Mnara haupo! Wewe ni mzee wa miaka sabini na sita, geuza shingo yako utazame juu ya paa! Upo?"

"Ulikuwepo!"

"Haupo!"

"Wewe hukuzaliwa, mjinga wewe!" Lothar aligeuka, na mvua ilikuwa inamtiririka kwenye nyusi. "Mimi nilikuwa hapa! Mama alinishika mkono hapo chini ya mnara, baba akapanda treni kwenda vitani, akaniambia nitazame mshale mrefu wa saa ile mpaka treni ipotee, nisitazame treni, nisije nikalia. Nikautazama. Hilo ndilo jambo la mwisho aliloniambia kwa miaka minne. Halafu unakuja wewe na gundi yako unaniambia stesheni haina saa!"

Egon aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Na aliporudi? Mama alinisimulia mara elfu. Baba alishuka kwenye treni, hapakuwa na mnara, hakujua kama amefika kwao. Akauliza watu, hapa ni wapi? Mama akasikia sauti. Akamjua kwa sauti. Ungekuwepo mnara, Lothar, asingeuliza. Mama angekwenda zake nyumbani na asingemwona. Mimi nisingezaliwa. Mimi ni mtoto wa paa bapa!"

Upepo ulivuma. Gudrun alifuta pua kwa kitambaa cha meza. Rosi alikuwa ameolewa na mmoja na kumpa kahawa mwingine miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kumwambia habari hiyo. Alishika kiuno.

"Miaka kumi na minane," alisema. "Miaka kumi na minane napitisha kahawa kwenye tundu hili kama nalisha simba. Kumbe mnamgombania baba yenu, mmoja anamtaka anayeondoka, mwingine anamtaka anayerudi. Na ni baba yule yule! Sasa nisikilizeni nyote wawili. Nina nusu saa. Sina pengine pa kulala. Egon, hata wewe huna, usijifanye. Lothar, benchi hilo nalo litang'olewa. Mtaupeleka wapi ugomvi wenu? Kwenye mashine ya kahawa?"

Hatimaye Lothar akakohoa.

"Niliapa sitapita mlango."

"Basi usipite mlango. Ingiza kichwa hapa."

Lothar akamtazama meya. Meya akamtazama Lothar. Kisha mzee akavua kofia, akaikamua, akaingiza kichwa kidirishani. Mvi zake zilidondosha maji juu ya keki ya plamu.

"Nipo," akasema.

Bwana Sander alisimama. "Samahani. Bwana huyu yuko jukwaani. Kilichopo ukumbini ni kichwa. Mkutano unataka watu saba, hapa pana watu sita na kichwa."

Meya alikuna shingo. Ni mwanamke wa kanuni, na ilionekana kanuni zinamuuma. Hapo ndipo Bi Ilse Hagedorn alipojiinua kwenye kiti, akavuta kizibao chake cha buluu kikanyooka.

"Kijana, ulipozaliwa, kilitangulia nini?"

"Samahani?"

"Nimefanya kazi hiyo miaka arobaini. Kichwa kikishatoka, hakuna mama aliyewahi kuniuliza kama mtoto amefika. Annegret, wewe mwenyewe ulikaa hivyo hivyo, kichwa nje na mabega ndani, ukatulia utadhani unangoja ajenda. Nilimwambia mama yako, huyu ni mtu tayari, na ni mbishi."

Meya akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nakubali kichwa," alisema. "Lakini kupiga kura kunataka mkono."

"Mkono ninao," Lothar akasema, akaanza kuupenyeza.

Kidirisha kile kilitengenezwa kwa vikombe. Mkono ulipita, bega likafuata nusu, likakwama. Lothar akajaribu kurudi, hakurudi. Akajaribu kusonga mbele, hakusonga. Huko nje miguu yake ilikuwa kwenye benchi, mvua ikimpiga sehemu ambazo mwanamume hapendi zipigwe mvua.

"Egon!" Bi Ilse akaamrisha. "Mshike! Si shingo, mwenda wazimu wee, kwapa! Murat, kimbia nje, shika miguu. Lothar, shusha bega la kushoto. Vuta pumzi. Sasa sukuma!"

"Nasukuma nini?"

"Sukuma tu, wote huuliza hivyo!"

Egon akampitishia kaka yake mikono kwapani. Nyuso zao zilikaribiana, shavu kwa shavu, lenye mvua na lisilo na mvua. "Umenenepa," Egon akamwambia.

"Ni kahawa ya mkeo. Anatia sukari."

"Mimi hanitii."

"Sukuma!" Bi Ilse akapiga kelele, na Lothar Kleinschmidt, mwenye umri wa miaka sabini na sita, akapita kidirishani bega, kifua, tumbo na suruali, akatelezea juu ya kaunta, akaangusha keki, na kuishia mikononi mwa mdogo wake. Wakaketi wote wawili sakafuni, ile sakafu iliyosuguliwa. Detlef akaanza kupiga makofi.

"Mlango sikupita," Lothar akasema, akihema. "Niandikieni ushahidi. Mlango sikupita."

"Saba," meya akasema. "Wanaotaka chama kianzishwe?"

Mikono saba ikapanda. Ya wale wawili ilipanda kutoka sakafuni. Egon akampendekeza Rosi awe mwenyekiti, na Lothar akamuunga mkono kabla hajamaliza jina. Murat akawa mweka hazina, kwa kuwa ndiye pekee mwenye chenji. Meya akachukua mwavuli na karatasi zake, akakimbia. Mwavuli ukageuka nje ndani mlangoni pale pale, lakini yeye hakugeuka.

*

Saa kumi na moja treni ya Hanover ikaingia, ikisukuma mvua mbele yake, na ikatangazwa kwamba haiendi mbele zaidi. Waliokuwemo wakashuka wote. Waliutazama mji wetu uliofunga madirisha, kisha wakauona mwanga wa ukumbi, wakaja. Mlango haukupata nafasi ya kufungika. Waliingia wanafunzi, askari, masista wawili, mwanamume mwenye fidla, mama mwenye mapacha, na katikati yao Wiebke, nywele zimemganda usoni.

"Nimechelewa? Mama, nimechelewa?"

"Umechelewa, mwanangu. Vaa aproni."

Hapakuwahi kuwa na siku kama ile. Supu ikaisha, ikapikwa nyingine. Bi Ilse alipanga vyombo vya maziwa ya watoto kwenye jiko, blanketi za misheni zikagawiwa. Murat aliwapeleka hotelini waliotaka hoteli, akawarudisha waliokuta imejaa. Mtoto mmoja alitumbukiza sarafu kwenye sanduku la kioo, treni ikazunguka, na watu wazima waliokwama wakasogea kutazama treni inayokwenda.

Bwana Sander alikwenda mara tatu kwenye ubao wa safari na kurudi mara tatu. Treni yake ilifutwa. Mara ya nne Rosi alimkuta amesimama karibu na mlango, viatu vyake vimejaa maji.

"Kibanda chenu cha chuma hakijafika?" akamuuliza.

"Bado, Bi Kleinschmidt."

"Bahati mbaya. Keti hapo karibu na joto. Supu ina soseji, unakula?"

"Nakula."

"Mtu akinywa supu yetu huwa hatumpigi picha," Rosi akasema, akampa kijiko.

Meya alirudi kabla supu ya pili haijaisha. Alisimama mlangoni, nywele zimesimama, na hakuweza kusikika kwa sababu ya kelele za abiria. Ikabidi Rosi apande juu ya kiti.

"Nyamazeni!" Sauti ile iliyoshinda mabehewa ikaushinda ukumbi. Hata mapacha wakanyamaza.

"Baraza limepitisha," meya akasema. "Wote. Hata wafuga sungura, pande zote mbili."

Abiria hawakujua kilichopitishwa ni nini, lakini walikuwa na joto na wameshiba, wakashangilia kwa nguvu kuliko wenyeji. Mwenye fidla akaitoa fidla. Egon alimnyanyua mkewe kutoka kwenye kiti, jambo ambalo mgongo wake ulimkumbusha wiki nzima. Na Rosi, ambaye hakulia barua ilipokuja, wala gazeti lilipotoka, wala kwenye kengele ya ile nyumba yenye giza, sasa alilia waziwazi, akijifuta kwa kitambaa cha vyombo na kumkemea Detlef kwamba asimtazame.

*

Jumapili chama kilifanya kikao chake cha kwanza. Lothar alipita mlangoni, kwa sababu chini ya kwapa alikuwa na boksi la sigara, na ndani ya boksi, kwenye pamba, ulikuwemo mnara. Ulikuwa na matofali yake, madirisha yake, na saa yenye mishale ya uzi wa shaba.

"Uliutengeneza lini?" Egon akauliza.

"Mwaka ule ule. Nimekuwa nao kwenye mfuko kila siku hapo nje. Mtu hajui mwenzake ataacha ujinga lini."

Mwenyekiti akasoma azimio la kwanza. Mnara utakaa juu ya paa kuanzia Jumatatu hadi Jumatano. Kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi utaondolewa, na paa litakuwa bapa. Jumapili ataamua mwenyekiti, na leo mwenyekiti ameamua uwepo. Wanaokubali? Mikono ikapanda yote, pamoja na wa mwenye bucha, ambaye alikuwa amejiunga asubuhi ile na kuja na begi lake la nguo kwa mzaha, au labda si mzaha.

Egon ndiye aliyeitoa karatasi ya kijivu. Lothar akauteremsha mnara kwenye lile tundu, ukaingia na kukaa kimya, kana kwamba haukuwahi kutoka. Rosi akatumbukiza sarafu. Taa zikawaka, treni ikazunguka mto na kanisa, ikasimama jukwaani chini ya mnara, na yule mwanamke mdogo akapunga leso. Hakuna aliyejua kama anamuaga mtu au anampokea.

Ndugu wawili walisimama bega kwa bega, pua zao kwenye kioo, wakiacha ukungu.

"Saa hiyo," Egon akasema taratibu. "Umeiweka saa ngapi?"

"Saa tatu na robo. Saa aliyoondoka baba."

"Lakini alirudi saa nane."

"Egon, saa ilikuwa na mishale miwili tu."

"Ndiyo, ila kwa nini iwe ya kuondoka?"

Rosi akachukua kijiko, akakigonga kwenye kikombe mpaka ukumbi mzima ukageuka.

"Kaeni chini wote wawili," akasema. "Ajenda ya pili."